Mama anayetaka kurudishwa kwao kila jioni

Pole sana dada. Umeuliza umjibu nini mama anapodai kila jioni umrudishe kwao Tukuyu, ilhali wazazi wake walishafariki. Usibishane naye. Nilimuuguza baba hapa Mafinga miaka minne, na kosa langu kubwa lilikuwa kumkumbusha kwamba bibi, mama yake mzazi, alikufa. Alilia upya kila mara, kama msiba wa leo. Ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo polepole, huanza kufuta kumbukumbu za karibuni, za utotoni hukaa zaidi. Mwambie, "Mama, nisimulie migomba ya kwenu." Washa taa kabla giza halijaingia, umpe kazi ya mikono. Baba alitulia akipukuchua mahindi.

Mlango wa nje uwe na komeo juu, maana baridi ya Juni na Julai huku si ya mzee kupotelea usiku. Jiko la mkaa lisilale naye chumbani, kamwe.

Akibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, mpeleke hospitali wampime mkojo. Maambukizi ya mkojo huwavuruga sana wazee. Nawe ulale, dada. Ndugu zako wapokee zamu, hata usiku miwili kwa wiki.