Fungu la siku ile

Mama yangu, ugonile.

Meseji yako niliiona juzi usiku nikasema hii sijibu harakaharaka, leo mvua imenizuia shamba ndo nimekaa. Unasema ukipiga magoti dakika tano tu maneno yameisha, unabaki kurudia mlinde baba, mlinde mama, na ule mpango wa kumaliza Biblia mwaka mmoja umekwama Walawi, sasa unauliza uhamie app gani au uingie kwenye lile kundi linaloomba saa tisa usiku.

Walawi wanakwama wengi. Biblia ina sura 1,189, gawa kwa siku 365, ni sura tatu na kitu kila siku, kwa hiyo aliyeanza Januari mosi mwanzoni mwa Februari anafika Walawi 13, ukoma na vipele, kuhani anatazama ngozi, anamfungia mtu siku saba, anamtazama tena, na wewe unayasoma hayo umesimama kwenye daladala. Hukupungukiwa imani mama, ulikuwa unakimbizana na hesabu.

Mimi msimamo wangu unaujua. Fungu moja, siku nzima. Ng'ombe akishakula anatafuta mahali analala anacheua, na ukimswaga siku nzima hapati muda wa kucheua jioni usitegemee maziwa. Ndo maana Yoshua aliambiwa ayatafakari maneno yale mchana na usiku, hakuambiwa ayamalize.

Na sisi Wamoraviani tumelelewa hivyo. Mwaka 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani wa kule, aliwapa watu neno moja la Biblia jioni waende nalo kesho yake, baadaye ikawa kila asubuhi mtu anapita nyumba kwa nyumba analipeleka, afu kikaja kitabu cha mwaka mzima, cha kwanza kilikuwa cha 1731, na mpaka leo kinatoka. Fungu la Agano la Kale linaokotwa kwa kura, halichaguliwi na mtu, la Agano Jipya ndo linatafutwa liendane nalo. Hiyo kura ishike, manake inahusika na jambo ambalo sijawahi kukuambia.

Bibi yako unayebeba jina lake hakujua kusoma. Kisomo cha watu wazima alikwenda wiki chache akaacha, shamba na watoto havikumpa nafasi. Kwa hiyo msomaji wake nilikuwa mimi. Kila asubuhi kabla ya shule yeye anakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, mimi nasimama mlangoni penye mwanga na kile kitabu cha mafungu, nasoma kwa Kiswahili afu namgeuzia kwa Kinyakyusa, anarudia kwa mdomo mara tatu nne, ndo ananiambia haya nenda. Akienda kwenye migomba analo, akienda mtoni analo, jioni ukimuuliza analo.

Mwaka 1974 ndo ule baba yako mkubwa alifariki. Msiba ulikuwa haujapoa hata wiki mbili. Na bibi yako hakulia, unajua walivyosimuliaga shangazi zako, watu walikuwa wanamsifu kanisani kwamba mama huyu ana imani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, asubuhi hiyo wenzangu walikuwa wananiita pale njiani tuna mpira wa majani ya mgomba mpya kabisa, nikafungua kitabu nikaona fungu la siku ni refu, mistari mitatu minne, nikaona hili nikianza kuligeuza nachelewa. Nikafunga kitabu. Nikamwambia fungu la leo ni Yohana 11:35, Yesu akalia machozi. Tulilijua kutoka Sunday school, ndo lilikuwa fungu la wavivu, ukiitwa kusema andiko kwa moyo hujajiandaa unasema hilo.

Yeye akalirudia. Yesu akalia machozi. Akanyamaza, akanyamaza, mimi nikakimbia.

Jioni narudi nikamkuta kwenye kigoda kilekile, na viazi hajamenya. Akaniuliza, alikuwa analilia nini? Sikujua. Wallahi sikujua, mimi nilijua fungu tu kwa ufupi wake. Akasema washa koroboi, tafuta. Basi nikasoma sura ya kumi na moja tangu mwanzo, Lazaro anaumwa, wanatuma mtu, Yesu anachelewa siku mbili, nasoma nageuza, nasoma nageuza, mpaka pale Martha anapomwambia, Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Akasema acha hapo. Rudia. Nikarudia. Akaanza kulia mama, kilio cha kutoka tumboni kabisa, na huku analia anaomba, anamwambia Mungu ungalikuwapo, ungalikuwapo, mtoto wangu angalikuwa hai, ulikuwa wapi. Sikuwahi kusikia mtu anamsemesha Mungu hivyo. Nilijua maombi ni yale ya mzee wa kanisa, mazuri, yaliyonyooka. Nakuambia kila ninachojua kuhusu kuomba nilikiona usiku ule kwenye lile jiko, na mpaka leo nikikumbuka nafurahi na naona aibu pamoja.

Manake nilikuja kumwambia. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo, nikasema nitubu, na ndani yangu nilitegemea atasema Mungu alikutumia mwanangu. Hakusema. Alikasirika siku mbili haongei na mimi, ya tatu akaniambia, siku ile Mungu alikuwa na neno lake kwangu na wewe ukalikalia. Akataka nimsomee lile lenyewe. Kitabu cha mwaka ule hakikuwepo tena, karatasi zake zilishafungia karanga sokoni.

Hapo ndo huwa nabishana na nafsi yangu. Nasema lakini si alipona kwa lile nililomsomea? Alipona, nililiona. Afu najijibu, kwa hiyo uvivu wangu ndo ukawa kura ya Mungu? Siwezi kusema hivyo mama, na siwezi kusema kinyume chake. Na tena mimi ninayesema fungu moja siku nzima, usiku ule fungu moja halikutosha, ilibidi sura nzima ndo ajue Yesu analilia nini. Kwa hiyo labda na huo mpango wako una kazi yake, usiposoma hadithi nzima utacheua nini.

Mimi ninavyofanya ni hivi. Saa kumi na moja kabla ya chai nasoma fungu kwa sauti, mdomo usikike, mara tatu, afu naandika kwenye counter book kitu kimoja tu ambacho kimenigusa. Juzi ilikuwa Zaburi 23, sitapungukiwa na kitu, nikajiuliza ni nini naogopa kupungukiwa, nikaandika ADA, manake ya mdogo wako bado nusu. Basi maombi yangu siku hiyo yakawa ni ada tu na huo mstari, mchana kwenye chai tena, jioni tena. Sikutafuta maneno, yalikuwa yameshaandikwa, mimi nilitia la kwangu ndani yake. Na fungu likiwa chungu usilitie sukari, Martha hakutia.

Kuhusu lile kundi la saa tisa, mama yako amekesha miaka mingi na mimi nimekula matunda ya kukesha kwake, kwa hiyo sisemi kitu. Ila wewe unaamka saa kumi na moja kuwahi gari, ukikesha hivyo kila siku, hapana, nimesema sisemi, wewe ni mtu mzima utapima. Na app sizijui, ila kama inakuhesabia siku ulizokosa mimi ningeifuta. Haya nimeshasema.

Nina ombi moja. Hapo usharikani kwenu Dar kuna wazee wametoka huku kwetu, waulize taratibu baada ya ibada kama kuna mtu ana kitabu cha mafungu cha 1974. Nataka ukurasa wa tarehe 13 Agosti, ilikuwa Jumanne. Ukiupata usinipigie, piga picha tu unitumie, nitausoma kwa Kinyakyusa kule migombani alikolala.

Baba yako.