Noti ndefu kwa sauti ndogo: jibu kwa mpiga tarumbeta ambaye mdomo unamfia njiani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi napiga tarumbeta ya kwanza kwenye bendi ya matarumbeta hapa Dar, kazi zetu ni harusi na sendofu. Tunapanda gari la wazi toka kanisani mpaka ukumbini, na ikifika nusu saa mdomo umekufa, noti za juu hazitoki, inatoka hewa tu. Nikiwa mzima nafika noti ya G inayokaa juu ya mstari wa tano wa muziki, A inayoifuata ni ya kubahatisha. Mwalimu mmoja aliniambia kila asubuhi nipige noti ndefu kwa sauti ndogo ili nipate noti za juu na stamina, nimefanya wiki tatu sioni kitu. Wenzangu wanasema nguvu haijengwi kwa kunong'ona, ninunue mausipisi (kile kikombe cha chuma cha kupulizia) ya kina kifupi, na kuna mzee anauza dawa ya kukomaza midomo. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fuata la mwalimu wako. Ila wiki tatu bila kuona kitu inanifanya nidhani hukuelekezwa namna ya kulifanya hilo zoezi, tutafika huko, kwanza niseme na hao wenzako kwa sababu hilo neno la kunong'ona nalisikia kila mahali, kwa vijana wa harusi, wa kwaya za makanisani, hata kwa walimu wa bendi za shule ambao walitakiwa wawe wanajua, na limeharibu midomo mingi sana.

Watu wanafikiri mdomo ni kama mkono wa mbeba zege, ukibeba kizito ndo unakomaa, kwa hiyo mtu apige kwa nguvu na apige juu kila siku mpaka mdomo ukomae. Sasa angalia kinachotokea ndani ya mausipisi. Midomo inafunguka na kujifunga. Ukipiga C ya chini kwenye tarumbeta ya kawaida ya Bb (B flat, ile wanayopiga wengi) inafanya hivyo mara 233 hivi kwa sekunde moja, ukienda kwenye C ya juu, ile inayoandikwa na vimistari viwili juu ya ile mitano, ni kama mara 932. Ili ifike huko tundu la kupitisha hewa lazima liwe dogo, midomo iwe inakutana sawasawa, na kona zake zishike bila kulegea. Haya, noti ya sauti ndogo nayo inataka nini? Tundu dogo, midomo inayokutana, kona zilizoshika, na hewa isiyokatika. Ni kazi ile ile! Ndo maana mtu anayeweza kushika G ya katikati kwa sauti ndogo kabisa, ikiwa safi, bila kutetemeka, ameshaanza kujenga noti ya juu hata kama bado hajaigusa.

Na kuna kitu kingine muhimu zaidi. Sauti kubwa inakuficha. Ukipuliza kwa nguvu midomo inaweza kuwa imeachana na noti bado ikatoka, kwa sababu umejaza hewa na umeikandamiza tarumbeta usoni mpaka chuma kimebana mdomo kwenye meno. Kwa sauti ndogo hilo haliwezekani, midomo ikiachana kidogo tu noti inazima unasikia hewa inapita. Yaani zoezi linakuonyesha kosa palepale. Na hiyo nusu saa yako kwenye gari kwa sehemu kubwa ni hilo hilo la kukandamiza, mdomo umebanwa katikati ya chuma na meno, damu haipiti vizuri, unavimba, unaanza kuwa na ganzi, sasa kwa kuwa hauitiki unakandamiza zaidi. Mwishoni mwa harusi unatoka na alama ya duara mdomoni na watu wanakusifia kwamba umepiga kiume. Mi nikiiona ile alama naumia.

Herbert L. Clarke, aliyekuwa soloisti wa bendi maarufu ya John Philip Sousa kule Marekani, alikuwa anapiga koneti, ndugu yake tarumbeta, kwenye viwanja vya wazi zama ambazo hakuna maiki wala spika, na bado mazoezi yake aliyaandika yapigwe kwa sauti ndogo sana. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikika mpaka watu wa nyuma kabisa. Waambie wenzako hilo.

Sasa wiki zako tatu. Mdomo ni msuli na ni tabia, vyote viwili havibadiliki kwa wiki tatu, hesabu miezi miwili mitatu ndo uanze kuona tofauti, na hiyo ni kama hubomoi kila Jumamosi ulichojenga Jumatatu. Ila pia nina wasiwasi unafanya hivi, maana naona wanafunzi wangu wengi wanafanya hivi: unapunguza sauti kwa kupunguza hewa, koo limebana, noti inatoka imekufa imelegea, na bado kidole kidogo cha mkono wa kulia kimenasa kwenye ile ndoano ya juu ya tarumbeta kinaivuta tarumbeta usoni. Hapo unafanya mazoezi ya kukandamiza kwa sauti ndogo.

Toa kidole kwenye ndoano, kiweke juu yake tu. Mkono wa kushoto ubebe, usivute. Vuta pumzi ya kutosha kama unaenda kupiga kwa nguvu, kisha anza G ya mstari wa pili bila ulimi kabisa, hewa tu, kama unapuliza chai ya moto. Isipoanza usiongeze nguvu, subiri, karibianisha midomo kidogo, jaribu tena. Ikianza ishike sekunde nane mpaka kumi na mbili, ndogo lakini hai, yaani mtu wa chumba cha pili asikie ni tarumbeta na sio mbu. Weka tuna ya simu (tuner, ile app inayopima noti) mbele yako, utaona sindano inavyoanguka mwishoni pumzi ikipungua, hapo ndo penye kazi, shikilia isianguke. Ukimaliza shusha tarumbeta kabisa toka mdomoni na upumzike muda ule ule uliopiga. Watu wanaruka hili la kupumzika, na ndo nusu ya zoezi, damu inarudi hapo.

Kisha shuka nusu toni nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya noti, mpaka C ya chini, rudi G, anza kupanda. Panda mpaka pale ambapo unasikia mkono unataka kuvuta. Hapo simama. Hiyo ndo noti yako ya juu kwa leo, hata kama ni D tu na kwenye gari unapiga G. Inauma kukubali lakini ndo ukweli wa mdomo wako, noti nyingine zote za juu ya hapo unazinunua kwa nyama ya midomo. Nusu toni inayofuata utaiongeza siku ile noti ya leo itakapotoka kirahisi kama ile G ya kuanzia.

Dakika kumi na tano zinatosha. Usifanye saa nzima, mdomo unakakamaa, na usifanye noti ndefu peke yake, malizia na kuteleza kidogo kutoka C kwenda G na kurudi bila ulimi wala vidole ili midomo ibaki laini.

Mausipisi. Kina kifupi kinaifanya sauti iwe kali na noti za juu zinang'aa zaidi, wapiga wa noti za juu wa bendi kubwa wanazitumia, sikatai. Lakini wao noti walikuwa nazo kabla. Wewe unayekandamiza, midomo yako ikivimba itagusa sakafu ya hicho kikombe na sauti itakata kabisa, utakuwa umelipa hela kufa dakika ya ishirini badala ya thelathini. Baki na ya kwako, kama ni 7C au 3C, zile saizi za kawaida, hiyo inatosha kabisa, usiiguse mpaka mwaka uishe.

Hiyo dawa sasa. Siijui ina nini na mzee mwenyewe sidhani kama atakwambia. Mdomo haukomazwi. Ngozi ikikomaa haitetemeki, na kazi yako yote inategemea itetemeke! Nimeshaona vijana wanasugua chumvi na limau, wanapaka vitu vya kuwasha, na mbaya kuliko zote, wanapaka jeli ya ganzi ya meno kabla ya kazi ili wasisikie maumivu, wengine ni watoto wa sekondari na aliyewapa ni kiongozi wao wa bendi. Maumivu ndo kitu pekee kinachokwambia acha. Ukiyazima unapiga huku msuli unachanika. Louis Armstrong mwenyewe, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, na kipaji kile, alipiga noti za juu usiku kwa usiku mpaka midomo ikapasuka, mwaka 1934 ikabidi aipumzishe kwa miezi kule Ulaya, na mwaka 1982 daktari alipoandika juu ya wapiga tarumbeta waliochanika msuli unaozunguka mdomo akauita ugonjwa huo kwa jina lake la utani, Satchmo. Wengine wanafanyiwa upasuaji kuushona.

Kwa hiyo Jumamosi ukipanda gari, kaa na mwenzako wa tarumbeta ya pili mpokezane wimbo kwa wimbo, noti za juu zipigwe kwenye kiitikio tu, na njiani ukihisi mkono unaanza kuvuta shuka oktava, yaani piga noti zile zile kwa sauti ya chini, bibi harusi hatajua. Ikitokea asubuhi yake mdomo una ganzi usipige hata hizo noti ndefu, upumzishe siku hiyo. Ganzi ikipita siku tatu, au ukiona mdomo wa juu una kama kishimo au hewa inavuja sehemu ambayo haikuwa inavuja, weka tarumbeta kwenye boksi nenda hospitali, na mwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba unapiga tarumbeta, asipojua atakupa mafuta ya midomo iliyopasuka na kukurudisha nyumbani.