Uliza Fundi wa Ala: Gitaa la Buluu Lenye Pindo la Kanga

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya, ninaishi Tanga. Nina gitaa jeusi la umeme la bei nafuu, lenye umbo la Stratocaster (gitaa maarufu la kampuni ya Fender), ambalo rangi yake imebanduka kwenye kingo. Nataka kulipaka mwenyewe nyumbani kwa rangi za kopo za kupuliza, liwe la buluu na lizungukwe na pindo jeupe kama la kanga. Mwenzangu ananiambia kwamba ni lazima niondoe rangi yote ya zamani hadi mti uonekane, lakini nimejaribu dawa ya kuondolea rangi na haikufua dafu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Dawa yako haina kosa. Magitaa mengi ya bei nafuu hupakwa poliesta kiwandani, nayo ni ngozi nene na ngumu kama plastiki ambayo dawa za kawaida haziiwezi, na wanaoing’oa kwa hewa ya moto mara nyingi huuunguza mti ulio chini yake. Nakusihi uiache. Pale iliposhika imara, ngozi hiyo imekwisha kuziba vinyweleo vya mti, na kwa hiyo ni msingi bora kuliko utakaoweza kuutengeneza mwenyewe. Hata George Harrison, mpiga gitaa wa bendi ya Beatles, alipoipamba Stratocaster yake mwaka 1967 kwa rangi za kung’aa pamoja na rangi ya kucha ya mkewe, alipaka juu ya rangi ya buluu iliyotoka nayo kiwandani.

Anza kwa kutoa nyuzi, shingo, daraja na kile kibao cha plastiki kilichobeba vinasa sauti. Piga picha ya kila waya kabla hujaugusa, hasa ule mmoja uliounganishwa na springi za nyuma, kwa sababu usiporudishwa gitaa litavuma kila utakapoliwasha. Kisha bandika tepu ya karatasi ndani ya nafasi inamokaa shingo. Shingo hukaa humo kwa kubana, kama droo iliyochongwa vizuri, na rangi ikijikusanya humo haitaingia tena. Juu ya tepu hiyo funga kwa skrubu kipande cha ubao chenye urefu wa futi moja, kwa kutumia matundu ya skrubu za shingo. Hicho ndicho kitakuwa mpini wako, ili usilishike gitaa lenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa tunafika kwenye kazi yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ni ya msasa zaidi kuliko ya rangi. Jaza puti palipobanduka, iache ikauke, kisha sugua gitaa zima kwa msasa namba 320 hadi mng’ao wote ufe. Zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa gitaa, mwanga uteleze juu ya uso wake: kila mkwaruzo utatupa kivuli chake, na kila sehemu ambayo msasa haukufika itameremeta. Endelea mpaka tochi isione kitu, kwa maana rangi mpya haifichi mkwaruzo bali huutangaza. Puliza praima, yaani rangi ya msingi, isugue kwa namba 400, lifute vumbi, na tangu hapo usiliguse kwa mkono mtupu, kwani mafuta ya vidole huifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya duara.

Rangi inunue katika duka la rangi za magari, na hakikisha kwamba praima, rangi na vanishi angavu zote ni za aina moja, kwa mfano akriliki, kwa sababu aina zisizopatana hukunjana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Usione haya kutumia rangi ya gari: kampuni ya Fender yenyewe, kule Marekani, ilitumia rangi za magari za DuPont. Lakini zile zinazochanganywa na kigumishi uziache kabisa. Zina kemikali za isosaineti zinazoumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Hata kwa rangi ya kopo, pulizia nje, vaa barakoa yenye kichujio cha mkaa, na pasiwe na jiko linalowaka karibu.

Kwako Tanga, adui mkubwa ni unyevu. Thina inapokauka huupoza uso wa gitaa, mvuke wa hewani ukatua juu yake, na rangi ikatoka na ukungu mweupe. Gitaa langu la kwanza nililipuliza jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua imetoka kunyesha, na asubuhi nilikuta weusi wake umekuwa kama lami iliyomwagiwa maziwa. Subiri masika yapite, ufanye kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Tikisa kopo kwa dakika mbili, lishike umbali wa sentimita 25 hivi, anza kupuliza kabla ya kufika kwenye ukingo na uachie baada ya kuuvuka. Mikono mingi myepesi ya rangi, ukipumzika dakika 15 kati ya mmoja na mwingine, haitachuruzika.

Pindo ulianzie kwenye rangi nyeupe. Lipake gitaa zima nyeupe, liache likauke kwa siku kadhaa, kisha bandika tepu pale panapotakiwa kubaki peupe. Umbo la korosho likate kwa wembe juu ya kioo, kamwe si juu ya gitaa. Kabla ya buluu, puliza nyeupe kidogo juu ya kingo za tepu. Itaziba mianya, na buluu haitapenya chini yake. Bandua tepu taratibu, ukiilaza, rangi ikiwa haijakomaa. Kwa tepu na rangi ya kupuliza tu, mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen alijipatia kule California, katika miaka ya 1970, ile mistari ya gitaa lake ambayo hadi leo watu huitambua kwa mbali.

Malizia kwa vanishi mikono minane, mitatu kwa siku, kisha lisubirishe wiki tatu au nne. Kipimo ni pua: likinukia thina, bado rangi inanywea. Ndipo utakaposugua kwa maji yenye tone la sabuni, namba 1000, 1500 na 2000, ukizikwepa kingo, na kumalizia kwa polishi ya magari. Ziba kwanza matundu ya skrubu, kwa kuwa maji yakiingia humo mti huvimba na kuipasua rangi.

SWALI: Je, rangi nene huliharibia gitaa la umeme sauti yake? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Kwa gitaa la umeme, athari yake ni ndogo mno. Sauti hutokana na nyuzi za chuma zinazotikisika juu ya sumaku za vinasa sauti, tofauti na gitaa la kawaida, ambalo ubao wake mwembamba wa mbele ndio unaotoa sauti, na kwa hilo ningekushauri usipake rangi nene. Ukimaliza kupaka lako kisha sauti ikawa mbaya, kagua kwanza lehemu ya nyaya ulizozirudisha.