Mfalme b3 au c3?

Maswali ya wasomaji kuhusu sataranji. Katika majina ya miraba kama b3, herufi ni safu ya wima ya ubao na namba ni ya mlalo. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa hisabati, Bwiru, Mwanza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nina duka la nyavu na kamba hapa Nansio. Toleo lililopita ulitupa fumbo la Saavedra: mweupe ana mfalme b6 na askari c6, mweusi ana mfalme a1 na ngome d5, mweupe anaanza na anashinda. Lilinila siku tatu, nikalipata. Kisha nikalipanga kwenye simu yenye Stockfish, programu (injini) inayocheza sataranji. Wewe uliandika kwamba hatua ya nne mfalme aende b3. Simu inasema hata c3 inashinda. Je, fumbo la watu limekufa? Na kama simu inajua yote kwa sekunde moja, sisi tunajisumbua nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera kwa zile siku tatu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeitazama simu baada ya kuhangaika mwenyewe.

Sasa toa ubao, usitoe simu. Wangu umepoteza ngome moja, mahali pake nimeweka kizibo cha soda, na kinatosha. Askari anakwenda c7. Ngome d6, cheki, yaani inamshambulia mfalme. Mfalme b5. Ngome d5, cheki. Mfalme b4. Ngome d4, cheki. Hapa ndipo ulipokwama. Tumpeleke mfalme c3 kama simu inavyotaka. Ngome inashambuliwa, inakimbilia d1, na inatishia kuja c1 kutoa cheki na kumla askari akishafika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Mfalme hana budi kwenda c2 kuifukuza. Ngome inarudi d4. Simama hapo, angalia kila kipande kilipo.

Rudi nyuma, ucheze njia niliyoandika. Mfalme b3, ngome d3 cheki, mfalme c2, ngome d4. Umeona? Ni ubao uleule, hakuna kipande hata kimoja kilichobadilika mahali. Njia ya c3 ni kama mtu wa Kirumba anayekwenda sokoni kwa kuzungukia nyuma ya nyumba: atafika mlango uleule. Simu haikukudanganya, c3 inashinda kweli. Lakini simu haina habari kwamba ushindi huo ni huohuo mmoja. Inatoa namba tu.

Fumbo hufa pale mweupe anapopata njia nyingine inayokwepa wazo lenyewe, na wazo la hapa liko mbele kidogo. Askari yuko c7, anataka kugeuka. Mgeuze malkia, ngome nyeusi inakuja c4 na kutoa cheki. Ukiila kwa malkia, mfalme mweusi pale a1 hashambuliwi wala hana pa kukanyaga, na hiyo ni sare. Kwa hiyo askari anageuka ngome! Ngome hiyo inatishia mati pale a8, yaani cheki isiyo na pa kutokea. Mweusi hana kinga ila kuleta ngome yake a4. Mfalme wako anaingia b3, anaitishia ngome hiyo na wakati huohuo anafungua mati ya c1. Mwisho. Ijaribu kwenye simu uone kama kuna hatua nyingine ya sita inayoshinda. Hakuna, ila mfalme kurudi b3 au c3, na hizo zitakurudisha kwenye ubao uleule. Hapo ndipo pa kupima, si kwenye c3.

Ulipouliza tunajisumbua nini, nilikaa kitako. Mwaka 1895 Georges Barbier alichapisha umbo hili katika gazeti la Glasgow akisema ni sare. Msomaji mmoja, padre Mhispania aliyekuwa akiishi mji huo, Fernando Saavedra, akaiona ile ngome ya c8. Hakuwa na mashine. Alikuwa na ubao na moyo wa kukataa kuamini kilichochapishwa. Wewe wa Nansio umeipinga b3 yangu kwa c3 na kuniandikia barua. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

SWALI: Mimi ni wa Sengerema. Nina fumbo la Troitzky, mtunzi Mrusi wa mafumbo: farasi wawili dhidi ya askari mmoja. Kitabu kinasema mweupe anashinda. Majedwali ya intaneti, yenye jibu la kila umbo la vipande vichache, yanasema ushindi huo unazuiwa na kanuni ya hatua 50. Nani mkweli?

JIBU: Wote wawili. Farasi wawili peke yao hawawezi kumlazimisha mfalme mati, kwa sababu ukishambana kabisa anakosa hatua na mchezo unakuwa sare. Adui akiwa na askari, askari huyo anampa hatua ya kucheza, na hapo mati inawezekana. Kwa hiyo unamzuia askari kwa farasi mmoja, unamsukuma mfalme pembeni kwa mwingine, kisha unamwachia askari wakati wake ukifika. Troitzky alichora mpaka ambao askari akizuiwa kabla ya kuuvuka, ushindi upo. Aliufanyia kazi kwa mkono! Ushindi wenyewe huwa mrefu; majedwali yameonyesha kuna maumbo yanayohitaji hatua 115. Mezani, mbele ya mwamuzi, zikipita hatua 50 bila kula wala kusogeza askari, mpinzani anaweza kudai sare. Kwenye mafumbo kanuni hiyo haihesabiwi. Basi ukipima fumbo, zima kanuni hiyo au puuza onyo lake.

Ila mashine hurekebisha wakubwa pia, sitaficha. Kling na Horwitz mwaka 1851 walitoa umbo la farasi anayejikinga dhidi ya maaskofu wawili, na vizazi vikaamini ni sare. Mwaka 1983 Ken Thompson, mtaalamu wa kompyuta, alikokotoa kila umbo la aina hiyo: maaskofu wanashinda, ingawa huchukua hadi hatua 66.

SWALI: Simu yangu ni ndogo na bando ni ghali. Nipakue nini? Msomaji, Igoma.

JIBU: Majedwali ya Syzygy ya vipande hadi 5, wafalme wakiwemo, hayafiki gigabaiti moja. Yapakue mara moja, yatakaa kwenye simu bila bando. La Saavedra lina vipande 4, kwa hiyo limo. Fumbo likiwa na vipande 6 au 7, nenda tovuti ya Lichess, ni bure. Zaidi ya hapo hakuna jedwali kamili: injini inakisia kwa kuchimba mbele, na ikikuandikia sifuri, yaani sare, iache ichimbe usiku kucha kabla hujaliita fumbo la mtu bovu. Na kabla ya yote, soma tena kitabu, hakikisha umepanga kila kipande mahali pake. Mimi niliwahi kulilaumu fumbo zuri wiki nzima, kumbe mfalme mweusi nilimweka a2 badala ya a1.