Nirudi chuoni ili nihudumie wawekezaji?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina shahada ya mawasiliano ya umma na ni afisa habari wa kampuni inayojiandaa kuuza hisa kwa umma. Natamani kuhamia kitengo cha mahusiano na wawekezaji, lakini wenzangu wananiambia bila shahada ya uzamili ya biashara nisijisumbue. Nifanyeje?
– Afisa Habari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chuo kitakusubiri. Kalamu unayo, kinachokupungukia ni hesabu, na hizo unaweza kuanza nazo leo usiku.

Chukua ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Ruka barua ya mwenyekiti na picha za wakurugenzi (ninyi watu wa habari huishia hapo), nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Kuna kampuni utakuta faida imepanda, lakini fedha zilizoingia kutokana na biashara zimeshuka. Pengine imeuza kwa mkopo: mauzo yameshaandikwa, wateja hawajalipa. Au ghala limejaa bidhaa zisizotoka. Shuka hadi kwenye maelezo ya hesabu, linganisha hesabu za wadaiwa na za bidhaa ghalani za mwaka huu na zile za mwaka uliotangulia. Mchambuzi anayewashauri wawekezaji atakuuliza hilo hilo. Ukimjibu "ngoja nimuulize mhasibu" mara mbili, ya tatu atampigia mhasibu mwenyewe.

Jambo la pili ni sheria za kutoa taarifa, na hapa nakuhofia zaidi. Umezoea kumdokezea mwandishi rafiki yako habari kabla ya wengine. Acha. Marekani, tangu mwaka 2000, kanuni iitwayo Regulation FD inaizuia kampuni kumpa mchambuzi au mwekezaji mkubwa taarifa nyeti ambayo umma haujapewa. Masoko mengine nayo yana kanuni zake; soma za soko mtakalojiorodhesha.

Vyeti vipo. Cha Investor Relations Society, chama cha Uingereza cha watu wa mahusiano na wawekezaji, kinamfaa anayeanza. IRC ya NIRI, chama cha Wamarekani wa kazi hii hii kilichoanzishwa 1969, ni ya aliyekwisha kuifanya kazi yenyewe. CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu za mitihani mizito. Kwa kazi unayoitaka, mimi nisingeanza nayo.

Kwa sasa mwendee mkurugenzi wa fedha, umwombe uandike rasimu ya maswali ambayo wawekezaji watauliza, pamoja na majibu yake. Akikurudishia imejaa wino mwekundu, umeshapata mwalimu.