Boksi la breka: la plastiki au la chuma?

Dada, umeuliza kama boksi la plastiki la breka (swichi zinazojikata umeme ukizidi) lililo chini ya ngazi ni lazima ling'olewe. Sheria uliyosikia ni ya Uingereza: tangu Januari 2016, boksi jipya la nyumbani liwe na kasha lisiloshika moto, kwa kawaida chuma. Haikuwalazimisha wenye maboksi ya zamani kuyabadilisha.

Lakini mimi naogopa skrubu zaidi ya plastiki. Waya ukilegea kwenye breka, hapo panapata moto kila ukiwasha hita ya maji au pasi, na breka haikatiki kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango chake. Na huku kwetu pwani, hewa ya chumvi inakula shaba. Muite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) azime meni swichi, akaze skrubu zote, atazame waya uliobabuka. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua au boksi likinguruma, zima leo hii, usingoje fundi.

Ukinunua la chuma, lazima liungwe waya wa athi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), na matundu ya kupitishia nyaya yazibwe vizuri. Hayo magodoro na makatoni chini ya ngazi yaondoe sasa hivi, tafadhali.