Pedeli ya breki inashuka mno: rekebisha shuu kabla ya handbreki

Swali: Nina Toyota Corolla 110, breki za nyuma ni za dramu. Pedeli inashuka sana ndipo breki ishike, na handbreki naivuta mpaka juu kabisa. Fundi wa mtaani kwetu Tabata anasema nikaze waya wa handbreki tu, yataisha. Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Jibu: Unaweza, ila usianze na waya. Ukiukaza wakati shuu (vipande vinavyotanuka kubana breki) ziko mbali na dramu (ngoma inayozunguka na gurudumu), mkono wa handbreki ulio ndani ya dramu hautarudi mahali pake, na adjasta (skrubu yenye meno inayosogeza shuu) inayojikaza yenyewe itakosa nafasi ya kufanya kazi. Handbreki itashika, pedeli itaendelea kushuka.

Hakikisha kwanza tatizo ni shuu. Injini ikiwa imewaka, kanyaga breki, achia, kanyaga tena haraka. Pedeli ikipanda na kuwa ngumu mara ya pili, shuu ziko mbali. Ikiwa laini kama sponji, mfumo una hewa. Ikizama polepole huku umeikanyagia, shuku silinda kuu, ile inayosukumwa na pedeli. Hapo adjasta haitakusaidia.

Paki mahali tambarare. Ua ukiwa wa mchanga, kama nyumba nyingi za Dar, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ingiza gia ya kwanza (otomatiki weka P), kisha zuia matairi ya mbele kwa mawe. Handbreki iwe imeachiwa. Ikibaki imevutwa, vipimo vyote vitakudanganya. Legeza nati za tairi kwa soketi namba 21 kabla ya kunyanyua, na usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake.

Dramu huganda kwa kutu, hasa magari yanayolala karibu na bahari au yaliyopita kwenye maji ya masika. Usiipige nyundo ukingoni, itapasuka. Ina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, mpaka iachie. Ikisogea kidogo kisha ikwame, shuu zimenasa kwenye ukingo uliolika. Legeza adjasta kupitia tundu lililozibwa kwa mpira kwenye bamba la nyuma.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ufute kwa kitambaa cha kutupa.

Kitambaa cha shuu kikibaki chini ya milimita 1, badilisha shuu za magurudumu yote mawili ya nyuma. Funua mpira wa silinda ndogo inayosukuma shuu: ukikuta majimaji, inavuja. Shuu iliyolowa mafuta haiokolewi kwa petroli wala msasa.

Adjasta ikiwa nzito, itoe, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo sana. Ya kulia na ya kushoto usizichanganye: nyuzi zake zinapishana mwelekeo, na ukizibadilisha shuu zitakuwa zinajilegeza badala ya kujikaza.

Rudisha dramu, ishikize kwa nati mbili. Kwa bisibisi bapa zungusha meno ya adjasta kupitia lile tundu mpaka dramu isizunguke kwa mkono. Kisha sukuma kijiko cha adjasta (kile kinachozuia meno yasirudi) kwa bisibisi nyembamba, urudishe meno 8. Dramu izunguke, mkwaruzo mdogo hauna shida. Kanyaga breki mara kadhaa ili shuu zikae katikati, halafu pima tena. Pande mbili zilingane, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Sasa ndipo handbreki. Corolla nyingi zinatakiwa kushika kati ya mlio wa 4 na wa 7 unapoivuta. Ikiwa nje ya hapo, rekebisha waya.

Funga nati kwa msalaba, takriban Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Jaribu breki kwa mwendo mdogo kwanza, kisha endesha kilomita chache bila kufunga breki za ghafla. Sogeza mkono karibu na rimu za nyuma: moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, shuu zake zimebana, rudisha meno 1 au 2.